Ubao wa Mlango Waenda Matembezi

Mwanangu Torgeir hawezi kwenda hata kuchuma matunda ya porini bila mpango. Kwa hiyo aliposema mwaka huu atawapeleka wanawe kwenye bustani ya michezo, ile kubwa ya kusini yenye mabembea na treni za kupaa angani, nilijua habari hiyo itatutokea puani. Na kweli. Theluji ilikuwa bado haijayeyuka, na kila Jumapili walikuwa kwangu, yeye na mkewe Marte na watoto wawili, wakila chapati zangu za maji kwa jemu na kupanga.

Simcheki. Ana sababu zake. Ylva, mkubwa, ana miaka kumi na miguu yake haijawahi kumtii tangu azaliwe. Ana kiti cha magurudumu cha umeme, anakiendesha kama dereva aliyechelewa kazini. Ulimi ndio hauna ulemavu hata chembe. Mdogo wake, Brage, ana usonji. Kelele zinamuumiza, kwa hiyo huvaa vifuniko vya masikio, na kitu anachokipenda kuliko vyote duniani ni sheria. Alikuwa ameshika kichwani masharti yote ya bustani ile, mpaka yanayohusu mbwa, na hatuna mbwa.

Torgeir alipiga simu bustanini kuuliza ni vyoo vipi vyenye zile mashine za kukausha mikono kwa upepo, maana Brage akiisikia moja tu, siku imekwisha. Akakata simu akiwa amechanganyikiwa.

"Wanasema hawanunui."

"Hawanunui nini?" nikamuuliza.

"Mashine. Wanadhani nauza."

Akapiga tena na tena mpaka wakaelewana, kisha akachora ramani ya vyoo vya kimya. Mpango wake ulikuwa na betri ya akiba, saa ya kula mikate ya kufungasha, kivuli cha kupumzikia na njia isiyo na ngazi. Ulikuwa mpango mzuri, sitasema uongo. Ulikosa kitu kimoja tu, nacho ndicho pekee alichokitaka Ylva: Dubu.

Dubu ni treni. Inapanda taratibu mpaka juu kabisa, halafu inatumbukia, inapinduka, kichwa chini miguu juu, na watu wazima wenye akili zao timamu hupanga foleni ili wakapigie mayowe humo.

"Daktari amesema shingo yangu na mgongo wangu viko sawa," alisema Ylva. "Amesema mwenyewe. Baba alikuwepo."

"Kuna mashua za bata," akasema Marte. "Zinakwenda polepole, na bata wanapiga mluzi."

"Mama, nina miaka kumi!"

"Bata wazuri sana, mwanangu."

"Basi kapande wewe na bata wako!"

Marte, mkaza mwanangu, nampenda. Lakini akiogopa hutabasamu, na akishatabasamu hivyo humsogezi hata kwa trekta. "Dubu anataka sentimita mia moja na ishirini," akasema kwa tabasamu lile. "Hospitali walikupima mia na kumi na nane. Sheria ni sheria. Au siyo, Brage?"

Brage akasema ndiyo. Ylva akamtazama kama msaliti.

"Hiyo ilikuwa zamani. Nimerefuka. Suruali zangu zote fupi."

"Suruali hunywea zikifuliwa."

"Basi nipimeni! Pimeni sasa hivi, pale!" Akanyoosha kidole kwenye mlango wa jikoni. "Wote mpo pale. Mimi tu ndiye sipo."

Nyumbani kwangu, kama kwa jirani zangu wote, watoto hupimwa mlangoni. Ubao wa pembeni mwa mlango umejaa mistari ya penseli, sentimita na majina: baba mkwe wangu alipokuwa mtoto, Torgeir na dada zake, Brage kila Krismasi. Ylva hayumo. Hakuna aliyekaa akaamua asiwemo. Ubao umesimama, yeye hasimami, basi ikawa hivyo. Iliniuma, tena iliniuma mbele za watu, na sipendi kuumia mbele za watu.

"Mnyanyue," nikamwambia Torgeir.

Torgeir akamshika kwapani, akamwegemeza ubaoni.

"Mia na sitini!" Ylva akapiga kelele. "Napanda Dubu, nikitoka naendesha gari!"

"Miguu iko hewani," alisema Brage.

Torgeir akamshusha. Magoti yakakunjika, Ylva akateremka mpaka chini ya mstari wa baba yake alipokuwa hajaanza shule. Akamnyanyua tena, akamshusha tena, wakawa kama watu wanaochota maji kisimani, mpaka wote wawili wakaishiwa nguvu kwa kucheka. Marte hakucheka. Alikuwa kwenye sinki anaosha sahani.

Ndipo Brage akainua kifuniko kimoja cha sikio.

"Sharti linasema mtoto awe na urefu wa sentimita mia moja na ishirini," akasema. "Halisemi asimame."

"Kwa hiyo?" akauliza baba yake.

"Ylva hawezi kusimama. Ubao unaweza kulala."

Nikaenda bandani kuchukua mtaimbo. Torgeir aliponiona narudi nao akaanza, "Mama, ngoja kwanza tupange..." lakini mimi si mtu wa kungoja. Misumari ilitoka ikilia. Tukaulaza ubao sakafuni, tukamlaza Ylva kando yake, nikaweka kitabu cha mapishi utosini pake na Torgeir akasoma.

Mia moja na kumi na tisa.

"Pole, mpenzi wangu," alisema Marte bila kugeuka. Bado alikuwa anaosha sahani ileile, na ilikuwa safi tangu mwanzo.

Ylva akalala pale anatazama dari. Nikadhani sasa atalia. "Bibi," akasema, "usiupigilie tena huo ubao. Bado nakua."

Basi sikuupigilia. Kiangazi kilipofika, na mpango ukawa na kurasa nyingi kuliko kitabu changu cha mapishi, niliufunga ubao juu ya gari lao kwa kamba.

"Mama, huo haumo kwenye mpango," alisema Torgeir.

"Uingize. La sivyo mimi nashuka, na chapati zangu nashuka nazo."

Akauingiza.

Kule bustanini bata walipiga mluzi kweli. Brage aliwapenda kufa, akapanda mpaka msimamizi wao akawa anamsalimia kwa jina. Ylva alikaa kando na kiti chake, haongei, macho juu ya miti kule Dubu anakonguruma. Mwishowe Marte akachoka kuyatazama macho yale. "Haya, twende wakupime," akasema, "ili tumalize."

Kwenye lango la Dubu kuna dubu wa mbao aliyenyoosha mkono. Kichwa cha mtoto kikigusa mkono, anapanda. Kisipogusa, anarudi kwa bata. Msimamizi alikuwa mama wa makamo aitwaye Turid, amevaa fulana ya njano, mikono kiunoni.

"Asimame chini ya mkono," akasema.

"Hasimami," nikamjibu.

"Basi siwezi kumpima, mama. Samahani sana."

Brage akamsomea sharti lote kutoka kichwani, neno kwa neno, na mwisho akasema, "Halisemi asimame." Turid akamgeukia yule dubu wa mbao.

"Sawa," akasema. "Lakini huyu dubu amekazwa kwa nati. Nitamlazaje?"

"Nisubiri hapohapo," nikamwambia.

Nilirudi kutoka kwenye magari na ubao begani, watu wakinipisha. Nikausimamisha kando ya dubu. "Piga mstari penye mkono," nikamwambia Turid. "Halafu dubu wako abaki amesimama, wangu ataenda kulala." Akanitazama, akautazama ubao na majina yake yote, akachomoa kalamu mfukoni akapiga mstari.

Sisi watu wa huku hatuongei na tusiowajua. Tunaweza kusimama foleni asubuhi nzima tukajuana migongo tu. Lakini siku ile foleni ilifunguka midomo. "Mtandikieni koti!" akasema mmoja. "Nywele nazo zihesabiwe!" akasema mwingine. Mzee mmoja aliyekuwa anakula mkate wake wa jibini akaja kabisa kushika ncha ya ubao ili usiteleze.

Tukamlaza Ylva juu ya koti la baba yake. Turid akapiga magoti utosini pake, akaweka kiganja.

"Bado," akasema. "Ni upana wa kidole tu, lakini bado. Pole, mwanangu."

Nikamtazama Marte. Alikuwa anatazama magoti ya Ylva, nami nikayatazama. Yalikuwa yameinuka kidogo, kama ya mtu anayetaka kuamka. Kila asubuhi kabla ya shule Marte huyanyoosha magoti yale, tangu Ylva akiwa mchanga, huku anamwimbia. Torgeir akijaribu, yanakaza. Mimi nikijaribu, yanakaza zaidi. Mikono yake tu ndiyo yanayoijua. Kwa hiyo siku ile jikoni kwangu alijua kwamba tulimpima magoti yamekunjika. Ndiyo maana ya ile sahani.

Ningeweza kumwambia. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, na wanaonijua wanajua halijapata kurudi hata moja. Nikalimeza.

"Mama," akaita Ylva. Hakusema zaidi.

Marte akapiga magoti. Hakuwa anatabasamu tena, machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi mbele ya foleni nzima. Akaweka viganja vyake juu ya magoti ya mwanawe. "Pumua," akamwambia, akaanza kuimba kwa sauti ya chini ule wimbo wa asubuhi. Magoti yakashuka. Yakashuka tena kidogo. Turid akainama mpaka pua ikagusa ubao, hakuharakisha.

"Amefika," akasema. "Na amepitiliza."

Watu wakapiga makofi. Brage akaziba masikio juu ya vile vifuniko, akawakemea: "Sharti linasema hakuna kelele kwenye foleni!" Baadaye nilimwomba anionyeshe. Hakuna sharti kama hilo.

Ilibaki nani apande naye. Torgeir alisema yeye kwenye mpango ameandikwa kushika mikoba, akaikumbatia yote. Akapanda Marte. Nilimsikia kutoka angani akimtukana dubu yule matusi ambayo sikujua mkaza mwanangu anayajua, na juu yake nikamsikia Ylva anacheka.

Waliporudi, Torgeir alimweka Ylva kwenye kiti chake. Marte alishuka mwenyewe, akapiga hatua, na miguu ikamkatalia.

"Shika kiti changu, Mama," akasema Ylva. "Utazoea."

Torgeir alikuja na nyundo kuurudisha ubao mlangoni. Nilimkatalia. Upo jikoni kwangu, umepigiliwa ukutani chini kabisa, umelala, na jina la Ylva liko penye mstari wa dubu. Kwangu sasa anayetaka kupimwa hulala sakafuni. Krismasi walilala wote kwa zamu, hata Torgeir na kitambi chake, hata Marte, na Ylva alikuwa juu yao kwenye kiti chake, penseli mkononi, akiwaamrisha mmoja mmoja: "Nyoosha magoti."