Dawa ya Upara ya Nikodemo

Nikodemo wa Lukozi, mkulima wa karoti na baba wa binti mmoja, Janeth, alikuwa mgane wa miaka sita alipokutana na Klara kwenye sikukuu ya mavuno kanisani. Klara naye alikuwa mjane, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa kule Kwai. Alimwambia aende akachukue samadi. Tangu hapo Nikodemo akawa anahitaji samadi kila wiki.

Kilichomnyima raha ni upara. Kofia ilimfaa shambani, lakini si mezani kwa mwanamke. Soko huria lilikuwa limeshafika Lushoto mjini, na maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa na vitu ambavyo zamani hata hukuvisikia. Akanunua kichupa cha maji ya kuotesha nywele. Muuzaji alimwelekeza ajipake kidogo tu, asubuhi na jioni, na avumilie miezi minne. Nikodemo hakuwa na miezi minne. Alimimina kiganja tele, mara nne kwa siku.

Wiki ya tatu, akipokea chai kwa Klara, moyo ulimwenda mbio hadi akausikia masikioni. Hakuogopa. Alijiambia kwamba haya sasa ndiyo mapenzi, na kwamba yakikukuta utu uzima huja na nguvu zote. Hata kizunguzungu alikipokea kwa shukrani. Viatu vilipoanza kumbana, alilaumu milima.

Siku moja aliinuka kumpokea Klara ndoo ya maziwa, akayumba, akashika nguzo ya zizi. Klara akamkalisha, akamvua kiatu bila kumwomba ruhusa, akabonyeza kifundo cha mguu. Kidole kikaacha shimo. Akampeleka zahanati saa ileile.

Mganga Abubakari, kijana mpole, alimpa shikamoo, akampima, akamuuliza anatumia dawa gani. Nikodemo alitazama ukuta mpaka Klara akatoka nje mwenyewe. Ndipo akasema. Abubakari akamweleza kuwa dawa ile ikizidi hupenya ngozi na kuingia kwenye damu. Presha hushuka, moyo hukimbia, mwili hujaa maji. Aiache kabisa.

Baada ya siku chache moyo ulitulia, na hapo ndipo Nikodemo alipoogopa kweli. Kama mbio zile zilikuwa za dawa, mapenzi yako wapi? Wiki mbili hakukanyaga Kwai.

Ya tatu akaenda. Alimkuta Klara jikoni anamenya viazi. Akaketi, moyo ukipiga taratibu, akaona hana hamu ya kuwa mahali pengine popote. Akamsimulia yote, hata lile la mapenzi.

Klara alimsikiliza bila kuacha kumenya.

"Baba Janeth," akasema, "mimi moyo wangu haujawahi kwenda mbio kwa ajili yako. Ila wiki hizi mbili chakula kilikuwa hakishuki."

Akamsogezea kisu kingine. Wakamenya viazi vya jioni ile, wakazungumza, wakamenya na vya kesho yake. Novemba majina yao yakatangazwa kanisani.