Chupa Iliyofukizwa Udi

Mkurugenzi Abdulrazak alikuwa na ufunguo wa kila mlango wa chuo chake pale Bagamoyo, pamoja na milango ambayo hakujua nyuma yake kuna nini. Maabara ya Nasrin ilikuwa mojawapo. Alichojua ni kwamba mna chupa kubwa ya kioo, kimo cha mtungi wa maji, inayowaka zambarau, na kwamba zambarau hiyo inapendeza sana kwenye kalenda ya chuo.

Yaliyobaki alimwachia Nasrin. Pampu hunyonya hewa chupani karibu yote, inaingizwa gesi ya argoni kiduchu, umeme unapita, argoni inawaka. Kimashine cha pembeni kinauchambua mwanga ule na kuuchora kwenye kompyuta kwa mistari. Kila gesi ina mistari yake, na haiibadilishi kwa kuogopa cheo cha mtu. Kwa mistari hiyo Nasrin alijua yanayotendeka ndani bila kuingiza hata sindano.

Sasa wakubwa wa Dar walikuwa wanaitaka mashine. Walidai chumvi ya Bagamoyo inakula mipira ya mfuniko na hewa inavujia ndani. Dk. Mardhiya angekuja kukagua. Chupa ikionekana inavuja, mashine inapakiwa, na Nasrin anarudi kwao Kaole kueleza kwa nini aliwakataa wachumba wawili kwa ajili ya chupa.

Jioni ya kuamkia ukaguzi aliijaribu. Argoni tupu, mistari safi. Akazima pampu, akarudisha hewa, akaiacha chupa wazi kama kawaida yake, akaenda kulala na furaha.

Asubuhi chuo kizima kilinukia udi. Hilo halikumshangaza, maana mgeni anakuja. Mkurugenzi mwenyewe, na kanzu mpya, chetezo mkononi, alikuwa amefukiza korido, ofisi, mpaka gari.

"Kwa bibi yangu," alikuwa akimwambia kila aliyepita, "mgeni hanyweshwi maji ya mtungi usiofukizwa."

"Ni kweli, Mzee," alisema Nasrin, akaenda kuifunga chupa na kuwasha pampu.

Dk. Mardhiya, mama wa Pangani asiye na haraka, alipokea shikamoo ya Nasrin, akaitikia marahaba, akavuta kiti mbele ya chupa, Mkurugenzi akisimama nyuma yake.

"Hebu niwashie, mwanangu."

Zambarau haikutokea. Chupa iliwaka bluu iliyopauka, rangi ya shati la shule linalovaliwa na mtoto wa tatu. Nasrin aliogopa hasa.

"Inavuja," alisema Mkurugenzi upesi. "Nimemwambia siku nyingi huyu binti. Mimi humu siingii, mambo ya kitaalamu nawaachia wataalamu."

Kwa pumzi moja alikuwa amewapa Dar mashine yake ili mikono yake ibaki safi. Mtu mwingine angehitaji lori. Dk. Mardhiya alifungua kalamu, na hapo hofu ya Nasrin ikageuka hasira.

"Naomba kwanza tuitazame mistari, Dokta. Ikivuja, kinachoingia ni hewa, na sehemu kubwa ya hewa ni naitrojeni. Iko wapi?"

Dk. Mardhiya alivaa miwani, akainama kwenye kompyuta kwa muda mrefu.

"Siioni."

"Argoni hii hapa. Hii haidrojeni. Na msururu huu wote ni kaboni. Chupa haivuji. Kuna kitu cha mafuta kilichoganda kwenye kioo kabla sijaifunga, na umeme unakivunjavunja."

"Kitu gani?"

Nasrin alizima umeme na pampu, akafungua koki hewa iingie, akaunyanyua mfuniko.

Harufu ya udi ikatoka chupani, tamu na nzito. Dk. Mardhiya alivuta pumzi.

"Imefukizwa vizuri," alisema. "Mama yangu alifukiza mitungi hivi hivi. Tofauti yetu ni kwamba sisi tulikuwa tunatia maji."

Wanawake wote wawili wakageuka kukitazama chetezo, ambacho kilikuwa bado mkononi mwa Mkurugenzi, kikifuka. Naye akakitazama, kana kwamba kimemfuata chenyewe.

"Nilitaka kumheshimu mgeni," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

Nasrin alimwonea huruma, kiasi kile kile cha argoni anachoingiza chupani.

Dk. Mardhiya aliandika kwamba mipira ni mizima na mashine ibaki ilipo. Kisha akanyoosha mkono.

"Ufunguo wa chumba hiki, Mkurugenzi. Atakaa nao mwenye kazi."

Abdulrazak alitoa kishada cha funguo, akaanza kuzigeuza moja moja. Aliyekwisha kusema humu haingii hawezi kuonekana anaujua ufunguo wake, kwa hiyo alihangaika nazo sana, na mgeni akimtazama, mpaka Nasrin akamsogelea.

"Ni huo hapo, Mzee," alisema kwa adabu. "Huo wenye majivu."