Mikono Miwili ya Kushoto

Hebu niambieni: mtoto anayejifunza kutembea akianguka chini pu, kuna mama atakayemwita Kianguko mpaka siku ya harusi yake? Hayupo. Lakini katika chumba kimoja cha kushonea nguo, chenye cherehani mbili na meza ndefu ya kukatia, alikuwapo mwanamke mzima, mke wa mtu, mama wa binti, aliyeitwa Kushoto.

Jina hilo alipewa na wifi yake, dada wa mumewe, mwenye chumba na mwenye mkasi. Mkasi wenyewe ulining'inia kwenye msumari juu ya meza, na hakuna aliyeugusa ila yeye. Zamani, wifi akiwa mgonjwa, huyu mke wa kaka aliushika akamkatia mteja gauni. Kitambaa kilikuwa kidogo, hakikukunjika mara mbili, basi akakata mkono mmoja mmoja. Alipofika wa pili, akasahau kuigeuza karatasi ya kipimo. Ikatoka mikono miwili ya kushoto.

Fundi gani halijampata hilo? Wifi asimwonyeshe alipopotea, akampa jina! Tangu hapo kazi ikawa mapindo na vifungo, vifungo na mapindo, na kukusanya vipande vya nguo sakafuni.

Lakini nyumbani hakukaa bure. Alikata magazeti, akakata mashuka yaliyochakaa. Blauzi ya kwanza, shingo ilikwenda upande kama mtu anayechungulia kwa jirani. Akaifumua, akaitandika sakafuni, akatafuta kosa lake mpaka akalipata, akakata nyingine. Hata sare ya binti yake, aliyokwenda nayo shule, aliikata mwenyewe, na kila mkono ulikaa upande wake. Wifi aliiona kila siku, wala asiulize.

Alasiri moja akaingia mama mmoja mcheshi na kitambaa cha maua. Akamwambia Kushoto, aliyekuwa karibu na mlango, "Nikatie wewe, mwenzangu, mbona mpole."

Wifi akacheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni. "Huyo? Shoga, labda kama una mikono miwili ya kushoto!" Akaanza hadithi yake upya, na safari hii akaitia chumvi: eti yule mteja wa gauni alitoka kwenye harusi kiwiko kikitazama nyuma.

Mteja akajishika mbavu. Kushoto naye akatoa meno, kama ilivyo ada, huku moyo ukimchemka kama sufuria iliyofunikwa.

Binti yake alikuwa kwenye kigoda anafanya hesabu za shule. Akalifunga daftari.

"Mbona unafunga?"

"Nimekosa tena, mama. Basi, mimi si mtu wa hesabu. Ni damu tu, kama wewe na mkasi."

"Umeona?" wifi akapiga makofi. "Mtoto wa nyoka ni nyoka!"

Hapo kifuniko kikaruka. Dharau aliyotendewa yeye, mama alikuwa ameimeza miaka yote kama dawa chungu. Lakini leo imemiminwa kwenye kikombe cha mwanawe, na mtoto anainywa! Akasimama, kopo la vifungo likamwagika, vikatawanyika mpaka chini ya cherehani. Hakuinama kuviokota.

"Fungua daftari, mwanangu. Tafuta ulipokosea, kisha uirudie."

"Makubwa! Leo tunafundishana?" wifi akasema.

"Wifi, itazame sare ya mtoto. Mikono imekaaje?"

Wifi akaitazama. Akaushika mshono wa bega, akaupapasa kwa kidole gumba. "Imekaa vizuri. Nani kaikata?"

"Mimi."

Mteja akaacha kucheka. Wifi akatazama kule msumarini, kisha akamgeukia mke wa kaka yake. "Sasa unataka nini, Kushoto?"

"Nataka mkasi," alisema. "Nataka kukata. Na nikikosea, wifi, nionyeshe nilipokosea. Usinipe jina."