Habari za Mguu

"Habari za mguu, mama?"

"Nzuri, baba. Tunamshukuru Mungu."

Sauti ya mama yangu ilitoka kwenye kompyuta ndogo iliyowekwa juu ya meza ya karani wa mahakama, ikaenea chumba kizima. Mama mwenyewe alikuwa kizimbani, amesimama, mkono mmoja ameshika ukingo wa mbao. Hakimu alikuwa amempa kiti, naye akajibu kwamba asante, atasimama tu. Aliposikia salamu ile inatoka kwenye kompyuta, midomo yake ikacheza. Nina hakika alikuwa anaitikia tena. Kwake salamu ni salamu, hata ikiwa imepoa.

"Kwa hiyo mguu hauna neno?" kompyuta iliuliza.

"Hauna neno, baba. Na nyumbani kwako? Mke wako ile homa imemwachia?"

Mtu mmoja kwenye mabenchi ya nyuma alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Wakili wa kampuni ya bima, mzee mpole mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akabonyeza kitufe na sauti ikakatika.

"Ni sauti yako hiyo, mama?"

"Ni yangu."

"Kuna mtu alikulazimisha kusema uliyosema?"

"Nani anilazimishe kujibu salamu?"

Wakili wetu, dada mmoja kijana aliyekuwa na kesi nyingi na viatu vilivyolika visigino, alifumba macho. Mimi nilitazama dari.

Ajali yenyewe haikuwa na ubishi. Mama alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, chini, sisi tukiishi ghorofa ya juu yake. Siku ile alikuwa anarudi na mfuko wa nywele za kusukia, akapita mbele ya geti la duka la vifaa vya ujenzi. Gari la kubebea mizigo la duka lile likatoka kinyumenyume, dereva akiwa amegeuka kubishana na mpakiaji, likambana mama goti kwenye nguzo ya geti. Dereva aliposhuka na kuona alichofanya alianza kulia. Wanaosimulia wanasema mama, aliyekuwa amekaa chini na nywele za watu zimetapakaa barabarani, ndiye aliyembembeleza. "Nyamaza, baba. Bahati mbaya haina kwao."

Polisi walipima, wakachora, wakaandika. Dereva alikiri. Kampuni ya bima ya gari ikakubali kwamba mteja wao ndiye mwenye kosa. Walichokikataa ni goti. Daktari wetu aliandika kwamba lazima lifanyiwe upasuaji, na kwamba likiachwa hivihivi litakakamaa moja kwa moja. Hospitali haikuwa tayari kuanza bila malipo, na sisi tulikuwa na saluni ya viti viwili na mshahara wangu wa kutunza stoo ya karatasi kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu. Bila fidia, mguu ule ulikuwa umekwenda. Kampuni ikasema goti limepona.

"Wamejuaje?" nilimuuliza wakili.

"Wamemuuliza mwenyewe," akasema.

Aliyemuuliza ni mkaguzi wao, ambaye nyumbani tulikuwa tunamwita Bwana Bima. Alikuwa mtu wa adabu kweli, hilo siwezi kumnyima. Alibisha hodi, akavua viatu, akasalimia. Mama alikuwa juu. Alikuwa na kila sababu ya kubaki juu akamwita apande, lakini mgeni wa kwanza kuja kumjulia hali akiwa na shati lililopigwa pasi hangeweza kuachwa amesimama mlangoni. Akashuka. Akamletea kiti, akamletea juisi, akamuuliza habari za safari. Bwana Bima alipoaga, mama akamsindikiza mpaka barabarani, maana mgeni haachwi ajitoe mwenyewe. Haya yote niliyasoma baadaye kwenye ripoti, yakiwa yameandikwa kwa lugha nyingine: mdai anatembea bila msaada, anabeba vitu, hakuonyesha dalili ya maumivu.

Baada ya hapo akawa anapiga simu. Mwanzo wa kila simu alitamka harakaharaka kwamba mazungumzo yanarekodiwa, na mama akajibu, "Haya baba, rekodi tu," kama mtu aliyeombwa ruhusa ya kuwasha taa. Kisha habari za mguu. Kisha nzuri.

Wakili wetu alipoziona zile ripoti alikuja saluni mwenyewe. Alikaa kwenye kiti cha wateja, na mama, ambaye hawezi kuona kichwa kimekaa bure, akaanza kumfumua nywele.

"Mama, ukiulizwa mahakamani habari za mguu, usiseme nzuri."

"Nisemeje?"

"Useme unauma."

"Mtu anisalimie, mimi nimtwishe mguu wangu?"

"Mama, mficha maradhi kilio humfichua."

"Na adhabu ya kaburi aijuaye maiti," mama akajibu, kitana mdomoni. "Huyo hakimu ataijuaje?"

"Ndiyo maana nataka siku hiyo maiti aseme."

Mama alicheka mpaka akakiangusha kitana. Nikakiokota mimi. Kuanzia siku hiyo, jioni tukimaliza kula, nilimfanyisha mazoezi. Nilikaa upande wa pili wa meza, nikakunja uso kama hakimu, nikauliza, "Habari za mguu?" Naye akajibu, "Nzu..." akajiziba mdomo. Tulicheka sana. Kati yetu palikuwa na kikombe chake cha maji, nilichomwekea kila jioni, ambacho kila jioni alikiacha kimejaa. Nilikuwa nakinywa mimi wakati wa kutoa vyombo, maji yasimwagwe bure.

Naeleza kikombe hicho sasa kwa sababu wakati ule hakikuwa na maana yoyote kwangu. Vivyo hivyo mabadiliko ya saluni: zamani mama alisuka amesimama na mteja amekaa kitini, baada ya ajali yeye ndiye alikaa kitini na mteja akakaa chini kwenye mto. Nilidhani ni mtindo mpya. Mama alijikaza kisabuni, nasi tuliokaa naye nyumba moja tukaona sabuni haijayeyuka.

Nirudi mahakamani. Mzee wa miwani hakupandisha sauti hata kidogo.

"Mama, wewe ni mtu wa kweli?"

"Najitahidi."

"Basi nisaidie. Mkaguzi alikuuliza mara nyingi, ukamwambia mguu ni mzuri, hauna neno. Leo umekuja kuiambia mahakama una neno. Kipi ni uongo? Cha siku ile au cha leo?"

Nilimwona mama anatafuta pa kushika. Maisha yake yote alikuwa mtu ambaye majirani walimwachia funguo zao. Hakuwahi kuitwa mwongo, na sasa alikuwa anaulizwa achague ni lini alikuwa mwongo.

"Nakuuliza hivi, mama, sasa hivi, hapo uliposimama. Habari za mguu?"

Niliiona ile herufi ya kwanza inajiunda midomoni mwake. Niliomba Mungu. Wakili wetu aliomba Mungu.

"Nzuri," mama akasema.

Mzee wa miwani akainama kidogo kwa hakimu na kukaa. Hakuwa na furaha usoni, nadhani hata yeye alimwonea huruma. Mimi nilihisi tumekwisha. Nililiona goti limekakamaa, nikamwona mama anazeeka kwenye kile kiti cha saluni.

Wakili wetu akasimama. Alikuwa na haki ya kumuuliza mama maswali ya mwisho. Hakugusa rekodi wala ripoti.

"Mama, sitakusalimia," akasema. "Nataka unieleze tu kazi. Leo asubuhi, ulitokaje ghorofani mpaka ukafika chini?"

Mama aligeuka akanitazama, kisha akamtazama hakimu.

"Mheshimiwa, huyo kijana wangu atoke kwanza."

Hakimu aliweka kalamu chini. Akaeleza kwamba mahakama ni ya wazi na hawezi kumfukuza mtu asiye na kosa, lakini kijana mwenyewe akipenda kutoka, mlango haujafungwa. Wote wakanitazama. Nilitaka kubaki. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, nilikuwa nimevaa shati la harusi, nilikuwa mtoto wake. Lakini uso wa mama ulikuwa unaniomba kitu ambacho haujawahi kuniomba. Nikainuka, nikatoka.

Nje, ukutani, palikuwa na benchi la kusubiria, na juu ya benchi dirisha. Nilikaa hapo. Dirisha lilikuwa wazi, pazia linapepea, na kila neno likaja.

Alisema anashuka ngazi kwa makalio, kidato kimoja baada ya kingine, kama mtoto anayejifunza, nikishakwenda kazini, na kwamba leo alinitanguliza nje kwanza. Alisema siku Bwana Bima alipobisha hodi alishuka kwa miguu kwa sababu mgeni alikuwa anatazama, na alipomaliza kumsindikiza aliingia saluni, akafunga mlango, akalala sakafuni mpaka wateja walipogonga. Alisema hawezi kupiga magoti, anaomba Mungu akiwa amekaa na anaona aibu. Alizungumza bila kulia, taratibu, kama anavyomweleza mteja ni nywele kiasi gani zitahitajika.

"Na choo chetu ni cha kuchuchumaa," akasema. "Siwezi kuchuchumaa. Nikienda nashika ndoo, nashika ukuta, mara nyingine naanguka. Kwa hiyo ikifika mchana siyanywi maji tena. Kijana wangu ananiwekea kikombe kila jioni. Namwachia anywe yeye."

Wakili wetu akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini hukumwambia mkaguzi haya, mama?"

"Hakuniuliza haya. Alinisalimia."

Nilikaa pale benchini nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilisikia hasira, wala sikujua nimkasirikie nani. Watu wa kesi nyingine walipita wakinipa pole wakidhani nimefungiwa ndugu.

Mama alipotoka, alikuja polepole akishika ukuta. Hakuficha tena. Akasimama mbele yangu.

"Ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa hapa."

"Umesikia?"

"Dirisha lilikuwa limefungwa, mama."

Akalitazama dirisha. Pazia lilikuwa limetoka nje kabisa, linapiga ukuta.

"Haya," akasema. "Vizuri." Akanipa mkono, nikamshika, tukaenda.

Wiki hiyohiyo nilimwendea fundi seremala wa mtaani, nikamweleza ninachotaka: kiti imara, chenye tundu katikati na pa kushikia pande mbili. Alikitengeneza bila kuuliza maswali. Nilikiweka chooni mama akiwa na wateja, nikafunga na chuma ukutani cha kujivutia. Sikusema kitu. Naye hakusema kitu. Lakini jioni ile, nilipokuwa natoa vyombo, kikombe kilikuwa kitupu.

Hukumu ilichukua muda wake, kama hukumu zote. Hakimu aliisoma kwa sauti kavu ya mtu mwenye nyingine za kusoma, akapitia taarifa ya polisi, akapitia vyeti vya daktari. Alipofika kwenye rekodi alisema kwamba amezisikiliza zote, na kwamba salamu si cheti cha daktari. Kampuni ikaamriwa kulipa. Kwenye korido Bwana Bima alimfuata mama kumpa mkono, na sisi wengine tukakaza nyuso. "Habari, mama," akasema, kisha akasita, akaona aibu. Mama akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Nzuri, baba. Mke hajambo?"

Upasuaji ulifanyika. Goti halikurudi kuwa la usichana, lakini linakunjika, na ngazi anashuka kwa miguu yake, mtu awepo au asiwepo.

Mimi sasa naishi mji mwingine, kiwanda kilikonihamishia. Nampigia kila Jumapili. Namuuliza habari za mguu, ananijibu nzuri, nami nanyamaza. Nimejifunza kutolipokea jibu la kwanza. Nasubiri, nasikiliza redio yake kwa mbali, mpaka anaguna na kusema, "Haya, jana umenisumbua kidogo," au, "Baridi imeuingia." Hapo ndipo mazungumzo yetu yanapoanza.

Jumapili iliyopita alinieleza habari za mguu mpaka zikaisha, kisha akauliza, "Na wewe je? Habari za kazi?"

Wiki hiyo kiwanda kilikuwa kimepunguza watu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

"Nzuri, mama," nikasema. "Tunamshukuru Mungu."

Hakujibu. Redio ikazimwa. Nikasikia kiti kinavutwa sakafuni, kisha pumzi yake akijishusha taratibu.

"Haya," akasema. "Mimi nimekaa."