Kope Jeupe la Kasian

Mwaka wa 1954 kichwa cha Kasian wa Kihesa kilimgonga mpaka, ukikaa naye benchi moja kanisani, benchi lilitetemeka. Usibishe, waliokaa wanajua. Akiinua ndoo, kizunguzungu. Akiinama bandani kulisha nguruwe wake, anaona nyota mchana kweupe.

Mkewe Matilda akamsukuma mpaka zahanati ya mjini. Dresa Isihaka, msaidizi wa daktari, kijana mwenye asili ya pwani, hakuuliza mengi. Alimvuta kope la chini kwa kidole gumba, akachungulia.

"Peupe kama karatasi. Damu imepungua, mzee wangu, huenda ndiyo inayokuumiza kichwa. Kula maini, maharage, mboga za majani, ukamulie na limau. Mwezi ujao nakuja Kihesa na sindano, nichukue damu kidogo niitazame."

Kasian alirudi nyuma hatua moja. Maana yeye mwenyewe akinunua nguruwe huvuta kope hivyo hivyo. Akiona ni jeupe humlisha vizuri, humsemesha kwa upole, halafu siku ikifika... Na Iringa ya miaka ile nani hakusikia habari za mumiani, wale wanaonyonya watu damu wakaiuze?

"Wananinenepesha," alimnong'oneza mkewe njiani.

"Wewe? Na mbavu hizo? Labda wauze mifupa."

Kasian akagoma kula maini. Matilda hakubishana naye. Akawa anayaponda, anayazamisha kwenye maharage, anakamulia limau. Mume akala, akalamba vidole, akasifu maharage.

Wiki zikapita. Asubuhi moja Kasian aliamka, akasikiliza. Kimya. Akakitikisa kichwa kama mtu anayetikisa debe kuona kama lina kitu. Hakiumi! Jasho jembamba likamtoka. Damu imejaa.

"Mama Saulo! Umenilisha nini?"

"Maini, Baba Saulo. Tangu siku ile ile."

"Umeniua!"

Mara kengele ya baiskeli ikalia uani. Kasian hakupita mlangoni. Alitokea dirishani, na dirisha lenyewe lilikuwa dogo kuliko yeye, akajitupa bandani katikati ya nguruwe. Isihaka, Mwislamu wa swala tano, humo hatakanyaga.

"Kamwene, mzee!" Isihaka alimwamkia kwa Kihehe akiwa mbali, kikasha cha sindano mkononi. "Kichwa vipi?"

"Kinapasuka! Sina damu hata tone!"

"Mbona mashavu yanang'aa? Umenona, mzee wangu. Haya, toka taratibu. Toka baba, haiumi, kidogo tu."

Kasian akaganda. Sauti ile. Maneno yale. Yeye mwenyewe aliyasema juzi, penye lango lile lile la banda, kisu kikiwa nyuma ya mgongo, na dume lake kubwa likamwamini likatoka.

Kisha, nyuma ya macho, polepole: ngo, ngo, ngo. Kichwa kimerudi.

Kasian akamkumbatia nguruwe wa karibu, akamshukuru Mungu.