Nyaboke Ameshuka Melini

...na sasa ameigeuza simu tena, bahari imelala ubavu, halafu imenyooka, na Mama anacheka juu ya kichwa changu, nakisikia kicheko chake kikishuka kupitia magoti yake mpaka kwenye mabega yangu, kwa sababu nimekaa chini kati ya miguu yake ananisuka matuta na mimi ndiye niliyeshika simu, mkono juu, ili sote wawili tumwone dada yangu Nyaboke, ambaye husafisha vyumba vya abiria kwenye meli ya watalii na leo amepewa ruhusa ya kushuka, yuko Uingereza, kwenye mji mdogo wa baharini, jina lake linaishia na mouth, anasema miji ya huko mingi inaishia hivyo, na upepo unameza nusu ya maneno yake, "Mama, ona hawa wazee, wamekuja na gari mpaka hapa baharini, wameegesha, wamefunga vioo, wanakunywa chai humo humo ndani, hawashuki," na Mama anauliza, "Wamekosana?" na Nyaboke, "Hapana, ndiyo raha yao," na Mama, "Raha gani hiyo? Si wangekunywa chai nyumbani?" na mimi nacheka pia, lakini moyoni nasema, sema basi, Nyaboke, wazee umeshawaonyesha, sema sasa... maana aliniandikia Jumapili, nikishuka nitamwambia Mama mwenyewe, mimi ndiye mkubwa, atanisikiliza, baharini mtandao ni wa shida lakini siku hiyo nitakuwa na nafasi, wewe mweke tu mahali pamoja, na mimi nimemweka, nimemlaza mdogo wetu Valerie mapema, nimemletea Mama kitana na mafuta kabla hajaomba, nimejiketisha hapa miguuni pake ambapo hawezi kuinuka bila kuniacha na nusu ya kichwa, na boti ya kuwarudisha wafanyakazi melini itaondoka saa kumi ya huko, na huku Mama ataanza kuvaa yunifomu aende wodini, kwa hiyo ni sasa... "Inamisha kichwa," anasema Mama, nainamisha, simu inainama nami, "Mama simwoni Nyaboke!" yaani ananiita mimi, huniita Mama kwa sababu nina jina la mama yake, Kwamboka, hajawahi kunigombeza hata nilipounguza mapazia, huuliza tu, na kuuliza kwake ndiko kunakonimaliza, "Sasa Mama, ukienda, mimi nitafanyaje?" hajaniuliza hilo, lakini nalisikia kila ninapofungua mdomo, ndiyo maana nikamtuma Nyaboke... nilikuja huku ng'ambo wanakofanya kazi Mama na Baba kwa likizo tu, Desemba, nimemaliza kidato cha pili, sanduku langu la shule nililiacha kwa shangazi na kufuli likiwa limefungwa kwa sababu nilikuwa narudi, halafu Faridah aliyekuwa akimlea Valerie akaitwa kwao Uganda, mamake mgonjwa, na Mama akasema nishikilie kidogo, na Baba huondoka alfajiri kuendesha basi la wafanyakazi Al Wukair, nani mwingine angeshikilia, na kidogo ile ikafika Februari, ikafika mwezi wa Ramadhani tukiwa bado tunasema kidogo, na Mama akasema, "Shule haihami, utarudia darasa, kwani mimi sikurudia la saba?" na nilimwamini kwa sababu hata mimi nilijua hivyo, mtu akikosa mwaka anaingia na wale wa nyuma yake, ilikuwa hivyo siku zote, mpaka Wairimu tuliyekuwa naye bweni moja, yeye kidato kimoja nyuma yangu, akaniandikia kwamba wao ndio wa mwisho, nyuma yao hakuna mtu, wadogo wote wanasoma mtaala mpya, Januari wao wataingia kidato cha tatu na baada yao hakutakuwa na kidato cha tatu tena, sisi ndio tunafunga mlango, akaandika, na akaweka vikaragosi vya kucheka, na mimi nikakaa jikoni nimeshika kijiko cha uji wa Valerie mpaka uji ukashika ganda... nikikosa Januari hii sina wa kurudia nao, hilo tu, ni jambo dogo kulisema, Mama alitoka Kenya kabla ya mambo hayo hajui, angejua, labda, angejua... "Nimechoka, acha nikae," anasema Nyaboke, benchi linalia, anatuonyesha kibamba cha shaba kwenye mgongo wa benchi, kimeandikwa, anatusomea polepole kwa Kiswahili, "Kwa kumbukumbu ya Silvesta fulani, alipapenda mahali hapa," na mikono ya Mama inasimama nywelani mwangu, "Amekufa?" "Eeh, ndugu zake ndio wameweka benchi," "Nyaboke, ondoka hapo! Unakaliaje kiti cha mtu aliyekufa?" "Aki Mama, ni cha watu wote," "Ondoka, nimesema, hata jina ni kama la kwetu!" na Nyaboke anainuka akicheka, anakwenda benchi la pili, nalo lina jina, la tatu nalo lina jina, "Manze wote wamekufa!" ananiambia mimi, na Mama anasema, "Basi simama, miguu unayo," na tunacheka mpaka Valerie anajigeuza kitandani tunanyamaza kidogo, na ndani ya kimya hicho nasema tena, sema, Nyaboke, sasa hivi, amefurahi... naye anaigeuza simu, na kuna wasichana wa shule wamekaa juu ya ukuta wa mawe, sketi na tai, mikoba wameitupa chini kama mizigo ya mtu mwingine, mmoja anakula chipsi na ndege mweupe mkubwa anamtazama kama askari, na Mama anauliza, "Hao wametoroka shule?" "Hapana, wametoka, huku wanatoka saa tisa," na mimi naishika simu kwa mikono miwili kwa sababu huu ndio mlango, mlango wazi kabisa, na Nyaboke anauona, sauti yake inashuka, "Mama, sasa ukiona hao..." upepo unamkatiza, anarudia, "Ukiona hao, unajua Kwamboka..." na Mama anasema, "Eeh, na wewe mkataba wako si unaisha Desemba? Nilikuwa nimefikiria, uje hapa kwanza, utafute kazi ya hoteli, wenzako wako wengi hapa, na mkae na huyu mnisaidie mtoto, au siyo Mama?" ananigonga kwa kitana begani ili nikubali. Simu inageuka ghafla, ni bahari tu, kijivu, meli yao imesimama mbali kabisa, nyeupe, kama jengo lililotolewa mjini likawekwa huko, na nasikia upepo na viatu vyake juu ya mawe, na ndipo ninapoelewa, sikuelewa Jumapili wala usiku wote ule wa kuhesabu maneno atakayoyasema... mimi nikiondoka, kuna mtu atakayeitwa, na si Faridah, ni Nyaboke, ataambiwa shikilia kidogo, na yeye anajua, alijua akiniandikia, na bado alitaka kusema, na sasa ameogopa, na mimi ningeogopa, maana hii ndiyo mara ya kwanza namwona akitembea bila ndoo, kwa wiki nyingi hajakanyaga kitu kisichotikisika, ana koti la mtu kubwa kuliko yeye, ana pakiti ya chipsi zenye siki ambazo amesema ni mbaya na anazila zote, na mimi nimemtuma atumie saa zake hizi mbili tatu kugombana na Mama kwa ajili yangu... nainua simu kidogo, si kwa ajili ya Nyaboke, ni kwa ile picha yetu ndogo ya pembeni, ambamo mpaka sasa nilikuwa naona paji langu na kidevu cha Mama tu, na sasa namwona uso wote, macho ameyakodoa kwenye Uingereza, mdomo wazi, miguu iliyovimba amesahau kwamba imevimba, na hana uso wa mtu wa kuniangusha, ni mtu ambaye hajaambiwa, hakuna aliyemwambia kwamba nyuma ya Wairimu hakuna darasa, tumekaa tukimwogopa kwa jibu ambalo hajalitoa, na akiniuliza nitafanyaje nitamwambia sijui, Mama, tutafute pamoja, Baba naye aulizwe, kule Muaither kanisani kuna akina mama wanaolea watoto wa wenzao, lakini mwezi wa kwanza mimi nitakuwa darasani... naweza kulisema hivyo, nimelisema sasa kichwani na halikukatika katikati kama siku zote... "Nyaboke, umepotea?" anauliza Mama, na uso wa dada yangu unarudi, pua nyekundu kwa baridi, ananitazama mimi, mimi tu, kama mtu anayeomba msamaha mbele ya watu bila watu kujua, anafungua mdomo, "Mama, nilikuwa nataka kusema kwamba..." na namkatiza, "Yaani unataka kusema hatujaona lile daraja refu la mbao nyuma yako, linaloingia baharini, tupeleke basi," na Mama anasema, "Eeh, tupeleke, hilo sijaliona!" na Nyaboke hajasogea, bado ananitazama, nyusi juu, na mimi natikisa kichwa kidogo kadiri mikono ya Mama inavyoniruhusu, usiseme, nitasema mimi, simu ikishakatika, kabla hajavaa yunifomu, "Tulia, utapata mstari uliopinda," anasema Mama, na adhana inaanza nyuma ya jengo letu, na huko Nyaboke anapandisha kola ya koti, anatia chipsi mdomoni, anaanza kutembea juu ya zile mbao taratibu, bila haraka yoyote, na mimi nabadilisha mkono, nainua simu juu zaidi, namwacha atembee.