Jino la Karwirwa

Kikundi cha akina mama kilikutana kila Alhamisi saa nane mchana kwenye ua wa Gatakaa, juu kidogo ya Laare, na kila mara chai ilifuatwa na mahindi ya kuchoma. Sinia lilianzia kwa mwenyekiti likazunguka. Lilipofika kwa Karwirwa alilisogeza kwa jirani yake bila kulitazama, akamenya ndizi mbivu aliyokuja nayo kikapuni. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja na hakuwa na jino hata moja. Gatakaa, mwenye ua, alikuwa amemzidi miaka minne, na alikuwa na meno matano meupe, mapya, yote ya mbele, ambayo aliyatumia kwa kelele kuliko ilivyohitajika.

Meno hayo aliyapata kihalali. Huko Nyambene, bibi akishabaki na ufizi mtupu hana la kufanya ila kusubiri wajukuu. Mjukuu akipewa jina la bibi, bibi huota jino. Huuma kidogo asubuhi kama la mtoto mchanga, na kufikia jioni laweza kumenya muwa. Ila jino la namna hiyo halikai bure. Sharti mtoto aitwe. Likipita juma zima bila mtu kulitaja jina, jino huanza kucheza. Yakipita mawili hudondoka, bibi akaliokota na kulirusha juu ya paa kama wafanyavyo watoto. Mtoto akiitwa tena, jino huota tena. Bibi kumwita wajina wake mwenyewe hakuhesabiwi. Wengi wamejaribu.

Kwa Gatakaa hapakuwa na shida. Alizaa wavulana watano, wote wakajenga kwenye shamba lake, wote wakaoa, na kwa kuwa msichana wa kwanza ni wa mama wa baba, kila nyumba ilimzalia Gatakaa mmoja. Wasichana hao watano waliitana kutwa nzima. Gatakaa wa Kithinji alimpiga Gatakaa wa Mutuma, na Gatakaa wa Muthomi akaenda kuwashtaki wote wawili kwa Gatakaa mkubwa. Kwa makelele hayo meno ya bibi yalisimama imara kama nguzo za ua.

Karwirwa alizaa wasichana watatu. Msichana wa pili ndiye wa mama wa mama, hilo lajulikana, lakini siku hizi nani anafika wa pili? Binti yake mkubwa, Kajuju, alizaa mmoja akafunga duka. Wa katikati alizaa mmoja naye akafunga. Kiende, kitinda mimba, mwalimu wa shule ya msingi, aliolewa na Muthomi, mwana wa mwisho wa Gatakaa, naye akaanza na msichana. Kwa hiyo wajukuu watatu wa damu ya Karwirwa walikuwa wamewaotesha meno wanawake wengine watatu, na mmoja wao alikuwa ameketi hapo mbele yake, akitafuna.

"Mama Kajuju," Gatakaa alimwambia, "ndizi haikuchoshi?"

"Ni laini," alijibu Karwirwa.

Kila mtu alimwita Mama Kajuju. Alikuwa ameitwa hivyo tangu alipojifungua akiwa na miaka ishirini na miwili. Kabla ya hapo kwa muda mfupi aliitwa mke wa fulani, na fulani mwenyewe, marehemu sasa, alimwita "wewe." Jina Karwirwa lilikuwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa ndani ya kopo la majani ya chai, juu ya kabati.

Basi Kiende alipopata mimba ya pili na mashine ya hospitali ya Maua ikasema ni msichana, Karwirwa alianza kuwashwa ufizi. Alipanda mistari miwili ya mahindi nyuma ya jikoni, ya mbegu ile ngumu ya zamani. Hakumwambia mtu sababu. Watu waliona mahindi wakaelewa.

Jumapili moja, mwezi mmoja kabla ya kujifungua, Kiende na mumewe walikuja kumwona baada ya kanisa. Muthomi alikuwa mfungaji wa miraa pale Laare, kijana mpole, aliyeacha shule kidato cha pili. Jina lake kwa Kimeru ni msomi. Ndugu yake Kithinji, ambaye jina lake ni mchinjaji, hujificha chooni siku ya kuchinja kuku. Majina ya wavulana huko hayana dhamana yoyote.

Muthomi alitoa simu. Alikuwa amepata orodha ya majina mia moja ya watoto yanayopendwa mwaka huu, kila moja na asili yake na maana yake.

"Mama, sikia hii," alisema. "Skyler. Imetoka Uholanzi. Maana yake ni msomi."

"Msomi tunaye mmoja," Karwirwa alisema. "Anatutosha."

Kiende alicheka hadi akashika tumbo. Muthomi hakuona ubaya, akateremsha kidole. "Arianna. Asili, Ugiriki. Maana, mtakatifu sana. Hiyo ni tamu, si ndiyo? Na inaitika vizuri. Aria."

"Huyo Mgiriki," Karwirwa aliuliza, "atakuja kumbeba mtoto mkienda kuchuma?"

"Mami, wacha," Kiende alisema. "Tunaangalia tu."

"Basi niangalieni na mimi humo."

Muthomi aliandika Karwirwa, herufi moja moja, kwa adabu kubwa, akimgeuzia mama mkwe kioo ili asilazimike kulitamka. Simu ilifikiri. Kisha ikasema haina jina hilo, ikauliza kama hawakuwa wanatafuta Caroline.

"Haijui maana yake," Muthomi alisema, na kwa kweli alisikitika.

"Maana yake ni mimi," Karwirwa alisema. "Na kabla yangu, mama wa mama yangu. Alikufa na meno yake yote."

Walikunywa uji. Mwishowe Kiende, ambaye alimpenda mama yake na hakuwa na nia ya kumdhulumu, alisema mtoto atakuwa Arianna Karwirwa. Haki ni haki, zamu ni zamu. Karwirwa aliwasindikiza hadi barabarani, akarudi akiimba.

Mtoto alizaliwa Jumatano, Muthomi akiwa Laare na Kiende akiwa amelala kwa uchovu. Muuguzi alikuja na kijitabu cha kliniki, kile cha chanjo na kilo, akauliza jina aandike. Karwirwa ndiye aliyekuwa ameketi kando ya kitanda na mtoto mapajani.

"Andika Karwirwa," alisema.

"Karwirwa nani?"

"Karwirwa Muthomi. Hakuna lingine."

Muuguzi aliandika, kisha akalisoma kwa sauti ili kuhakikisha. Ufizi wa mbele, upande wa kulia, ukapasuka. Karwirwa alitema damu kidogo kwenye leso, akamshukuru muuguzi, na kufikia saa kumi jioni jino lilikuwa limefika urefu wake.

Alhamisi iliyofuata sinia lilipomfikia alichukua hindi kubwa kuliko yote. Kwa jino moja hindi huliwa punje kwa punje, na mkutano ulikwisha, viti vikarudishwa, naye alikuwa bado hajafika katikati. Gatakaa alimsubiri amalize.

Nyumbani Muthomi alishikilia Arianna, na jino la jina hilo liliota kwa nani, halikujulikana. Huenda kuna bibi huko Ugiriki aliyeamka siku hiyo na jino, akashukuru bila kujua amshukuru nani.

Siku ya tisa jino la Karwirwa lilianza kucheza. Siku ya kumi na tano lilidondokea kwenye uji. Alilirusha juu ya paa, akajifunga leso, akapanda kwa Kiende.

Aliketi pale kutwa, akasikiliza. Muthomi alirudi mchana, akambeba mtoto, akamwita Aria. Hangeweza kumwita vinginevyo. Mwanamume wa huko halitamki jina la mama mkwe, hata akikanyaga makaa. Dada mkubwa wa mtoto alijaribu mara moja, akapaza sauti, "Kar—", mama yake akamkata jicho. "Jina ya cucu haipigiwi kelele," Kiende alisema, akimwelekezea bibi kidevu. Na yeye mwenyewe, alipomnyonyesha, alipombadilisha nepi, alipombembeleza, alimwita Mami. Kila alipoita Mami, mtoto na Karwirwa waligeuka pamoja.

"Kiende," Karwirwa alisema mwishowe. "Mbona humwiti?"

"Si namwita."

"Kwa jina."

Kiende aliona haya. "Mami, nitaitaje jina yako hivyo hivyo? Nimwambie Karwirwa wewe, toa mkono kwa choo? Nimchape nikitaja jina yako? Hapana. Siwezi. Hiyo si heshima."

"Taja tu. Kidogo."

Kiende alifungua mdomo. Ilionekana wazi kwamba anajaribu, shingo ikamsimama. Lakini jina la mama yake halikuwahi kupita kooni mwake maishani na halikuijua njia. Akafunga mdomo, machozi yakamlengalenga. "Nisamehe," alisema. "Unajua vile nakupenda."

Karwirwa alijua. Hapo ndipo palipomuuma. Angalikuwa amechukiwa angalipata wa kugombana naye. Kwa Gatakaa jina halikutetewa na mtu, lilitupwa huku na huku kama mpira wa matambara, na likamnenepesha. Lake yeye lilikuwa limewekwa mahali pa juu, pasipofikiwa na mkono.

Mtoto alipofikisha wiki sita ikawa siku ya chanjo. Kiende alimwomba mama yake amsindikize, na Karwirwa akakubali bila kufikiria lolote. Waliketi kwenye benchi la zahanati. Muuguzi wa hapo aliitwa Tabby, mwanamke wa sauti. Alichukua kijitabu cha juu, akasoma, "Liam!" Akachukua kinachofuata. "Kayla!" Kisha akachukua cha tatu.

"Karwirwa! Karwirwa Muthomi!"

Jino likaota papo hapo. Tabby alimpa pamba bila kuombwa. Alikuwa na kopo zima la pamba mezani kwa ajili ya bibi za watu.

Kuanzia siku hiyo Karwirwa aliijua ratiba ya chanjo kuliko daktari. Wiki ya kumi, wiki ya kumi na nne, mwezi wa sita, mwezi wa tisa. Katikati jino lilidondoka, lakini baada ya kila kliniki alikuwa na juma moja la hakika na jingine la tahadhari, na katika majuma hayo alikula muwa, karanga, mahindi, hata ukoko wa ugali ambao hakuupenda. Alijifunza kujifanya kiziwi. Tabby angeita mara moja, Karwirwa angetazama dirishani. Angeita mara ya pili, Kiende angeanza kuinuka, na Karwirwa angemshika mkono. Mara ya tatu, kwa sauti ya kutikisa mabati, ndipo Karwirwa aliposimama na kusema, "Niko hapa." Mtoto alichomwa sindano, akalia, bibi yake akamwambia pole kwa moyo wote, kwa jino lililosimama wima.

Mwaka ulikwenda, na nusu yake. Mtoto alianza kutembea, mnene, mwenye mashavu, hajawahi kukohoa. Kiende alikwisha kumtafutia nasari. Huko wangemwandikisha Arianna, kwa sababu mwalimu wa nasari ni mwanafunzi wake wa zamani, na Kiende hangependa kumsikia akilikemea lile jina lingine.

Siku ya chanjo ya mwisho Karwirwa alijifanya kiziwi mara nne. Tabby aliita zote nne. Alipomaliza kuandika alikifunga kijitabu, akampa Kiende.

"Huyu amemaliza," alisema. "Ana afya huyu, hongera, cucu. Sasa tutamwona akiwa mgonjwa tu."

"Mpaka awe mgonjwa?" Karwirwa aliuliza.

"Tuombe Mungu asiwe. Mtoto kama huyu, sisi hatutamwona tena."

Kiende alishukuru. Karwirwa naye alishukuru. Walishika njia ya kuteremka, Kiende mbele na mfuko wa nepi, akizungumza kwa simu, mtoto mgongoni kwa bibi yake ndani ya leso. Jino lilikuwa imara, na Alhamisi ilikuwa kesho kutwa. Kwenye kona ya mashine ya kusaga, mtoto alipiga chafya.

Karwirwa alisimama. Alipitisha mkono nyuma ya bega lake, akamgusa mtoto kwenye paji la uso, akauacha mkono hapo. Paji lilikuwa baridi, zuri, la mtoto mwenye afya. Akajikuta amesikitika, na alipojua amesikitikia nini aliona aibu kubwa, akauondoa mkono haraka kana kwamba kuna mtu amemwona.

"Mami, twende," Kiende aliita kutoka mbele. Wote wawili wakainua kichwa.

"Tunakuja," Karwirwa alisema. Alitembea hatua kumi hivi, akapitisha mkono tena.